Mate ya Bosi

Jumamosi, 2 Agosti

Shemeji Venance amekuja tena. Kala wali wetu, kanywa chai yetu, kisha kazunguka nyuma ya nyumba kumkagua Kamanda kama mtu anayenunua gari la mtumba. Kampapasa mgongo. Kasema shepadi wa Kijerumani wa namna hii anapotea bure huku Toangoma. Kwenye yadi yake ya makontena Kurasini kuna wezi wa betri za malori, na Kamanda angepata kazi ya maana.

Kazi ya maana! Mnyororo mfupi, bati la moto, moshi wa malori mchana kutwa. Mbwa niliyemlea tangu anatosha ndani ya kofia!

Nilitegemea mke wangu atanitetea. Wapi! Auleria ni mwalimu wa hesabu, na hesabu zake zote siku hizi zinaishia kwenye sufuria ya Kamanda. Kasema mbele ya kaka yake kwamba mbwa huyu anakula kuliko sisi wawili na hajawahi kuleta faida hata ya mfupa. Katoa sharti. Mpaka Agosti iishe Kamanda awe ameanza kujilisha, la sivyo Venance aje na pikapu.

Nimekunywa jagi zima la maji kwa hasira. Auleria akanitazama. Kasema marehemu baba yangu naye alianza hivihivi: maji, maji, halafu sisimizi chooni, halafu sukari, halafu akakatwa mguu. Kasema ugonjwa ule ni wa ukoo na anataka nikapime. Mimi! Mzima kama chuma! Nimemwambia tuzungumzie mbwa.

Bahati nzuri nina mpango. Kuna Mama Marietha wa Msasani, anatafuta dume wa kumpandisha shepadi wake Malkia. Sie wafugaji tuna desturi yetu: mwenye dume anapewa mtoto mmoja, tena ndiye anayechagua wa kwanza. Mtoto wa Malkia! Na sifa ikishatoka Msasani, majike ya mji mzima yatapanga foleni getini kwangu. Auleria atajifunza heshima.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya misa, Msasani. Nimevaa suti. Kamanda nimemwogesha kwa shampuu ya Auleria (hajui).

Getini nikakutana na nani? Romani! Romani wa Sinza, mwenye baa, na yule shepadi wake Bosi. Huyu bwana anatuma picha za Bosi kwenye kundi letu la wafugaji kila asubuhi, Bosi anaruka kreti za bia, Bosi anaruka meza. Kanisalimia kwa furaha, eti ndugu yangu Gaudens. Nimeitikia kwa meno tu.

Mama Marietha ni mtu mzima, mstaafu, anaongea taratibu. Tulimpa shikamoo zetu. Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu kifua cha Kamanda. Hakuitaka. Alituonyesha kanga moja kuukuu iliyotundikwa barazani. Kabla ya Malkia alikuwa na mbwa anaitwa Johari. Johari alipozeeka miguu ya nyuma ikaanza kufa. Haikumuuma, ila haikusikia. Mama alikuwa anampitishia kanga ile chini ya tumbo, anamwinua kiuno, wanakwenda wote uani akajisaidie, wanarudi. Hivyo hivyo, mpaka miguu ya mbele nayo ikagoma. Hapo sauti ya mama ilikwama. Romani aliangalia viatu vyake.

Kisha akaongea daktari wake wa mifugo, Lusungu, dada wa Kinyakyusa mwenye miwani na asiyecheka ovyo. Kasema ugonjwa ule ni wa kurithi. Mbwa akirithi ubovu kwa mzazi mmoja, haumwi, ila anaweza kuupeleka kwa watoto. Akirithi kwa baba na kwa mama, uzeeni miguu huenda ikafa. Malkia ameshapimwa, amebeba upande mmoja. Kwa hiyo dume lazima awe safi kabisa. Kwa macho huwezi kujua, kasema, hata mbwa awe anaruka ukuta. Hapo sikusikiliza vizuri, maana muda huohuo Bosi alikuwa anaruka ukuta wa bustani.

Kipimo chenyewe ni cha mate. Unasugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mbwa, unakianika kikauke, kinapelekwa maabara Afrika Kusini, wanasoma vinasaba. Daktari alitaka kuchukua mate palepale, lakini Kamanda alikuwa ametoka kula andazi langu na Bosi alikuwa na mfupa mdomoni. Basi akatupa vijiti twende navyo nyumbani, tuchukue asubuhi kabla mbwa hajala. Kasema anatuamini, sie ni watu wazima.

Kumbukumbu: dada yule ana imani kubwa sana na watu wazima.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa!

Asubuhi nimetoka na vijiti vyangu, nimemwita Kamanda. Kainuka. Mguu wa nyuma wa kulia ukaburuzika. Kajaribu tena, ukaburuzika tena. Akasimama, akanitazama, akatikisa mkia kama anayeniomba radhi.

Nimekaa chini kwenye vumbi na suruali ya kazini. Nimeiona ile kanga. Nimejiona mie Gaudens, karani wa kutoa mizigo bandarini, nazunguka Toangoma nimemfunga mbwa kiunoni, Venance anacheka. Halafu sikumwona tena Venance, nilimwona Kamanda tu, na macho yakaniuma. Sijalia. Lilikuwa vumbi.

Jirani yangu Jamali alichungulia juu ya ukuta. Jamali ni mchonga vinyago, mtu wa Newala, Mwislamu safi asiyetaka mate ya mbwa yamguse. Lakini Kamanda anapenda kulala kwenye rundo lake la maganda ya mpingo, na kila asubuhi Jamali anamfukuza kwa ufagio mrefu na kwa adabu: toka baba Kamanda, nina udhu. Akaniuliza mbwa ana nini mguuni, mbona nisimpeleke kwa daktari. Nimemjibu daktari ndiye mtu pekee asiyetakiwa kuuona mguu huu. Jamali akasema hewala, akaendelea na kinyago chake.

Watu wasio na mipango wana raha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeupata! Usingizini!

Maabara haimwoni mbwa. Maabara inaona mate tu. Mate ya Kamanda ni hatari. Basi yaende mate mengine, ya mbwa mwenye miguu mizima isiyo na shaka. Na ni mbwa gani mwenye miguu kuliko wote Dar es Salaam? Anayeruka kreti? Anayeruka ukuta wa Msasani?

Mpinzani wangu atanipa ushindi kwa mate yake mwenyewe. Uzuri wa jambo hili umenifanya nicheke peke yangu ofisini.

Tena nimejipanga. Kamanda akishindwa hata kupanda, tutasema ana homa. Watoto wakizaliwa na ubovu, hiyo ni mpaka wazeeke, na mpaka hapo nani atakumbuka? Nilipofika hapo kwenye mawazo niliikumbuka tena kanga ya Mama Marietha. Nimeiweka pembeni.

Auleria kaniuliza kwa nini vijiti bado vipo kabatini. Nimesema nasubiri mate yakomae. Kaniambia mficha uchi hazai. Nimemjibu hapa anayetakiwa kuzaa ni Malkia, si mimi.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu, baa ya Romani imefurika. Nimefika Sinza mapema na shati langu la kitenge cha kijani, vijiti ndani ya soksi. Nimeagiza soda mbili, kisha ya tatu (joto). Romani anahangaika na wateja. Nikasema naenda kujisaidia, nikapita nyuma kwenye banda la Bosi.

Shida: mdomo wa Bosi umefungwa. Kumpa nyama siwezi, mate yataharibika. Nimembembeleza, kagoma. Nimemtekenya, kagoma. Nikakumbuka miayo inaambukiza. Nikachuchumaa mbele ya Bosi nikapiga mwayo. Kanitazama. Nikapiga mwingine mkubwa, mpaka taya likalia. Loo! Bosi akaachama! Nikaingiza kijiti na nusu ya mkono.

Hapo hapo akatokea mteja mmoja anatafuta choo. Kasimama. Kaniuliza nafanya nini ndani ya mbwa. Nimesema, bila kusita, mimi ni daktari wa meno ya mbwa.

Kumbe ana gego linamuuma tangu mwezi wa sita! Kaachama palepale. Ilibidi nilitazame. Nimemshauri asukutue maji ya chumvi na nimeondoka bila kumaliza soda ya tatu. Bosi alinisindikiza mpaka getini kwa upendo mkubwa. Mbwa mzuri, nasema ukweli.

Jumamosi, 9 Agosti

Vijiti vimekauka. Vimepelekwa. Bahasha nimeiandika KAMANDA kwa herufi kubwa. Daktari Lusungu kashukuru, hakuuliza neno.

Kamanda bado anachechemea. Nimempa maini. Jioni nimemtazama Jamali akitoka kwa matembezi yake. Mtu huyu ananishangaza. Kila jioni kwa miguu mpaka Kongowe na kurudi. Chai bila sukari hata chembe. Soda hagusi, hata kwenye harusi. Na kila mwezi anavaa shati safi, anachukua kadi yake, anakwenda kliniki. Sijawahi kuona mtu mzima wa afya kama Jamali.

Alhamisi, 28 Agosti

Majibu!

Daktari katuita wote wawili kwenye zahanati yake ya mifugo, mie na Romani, na Mama Marietha yupo. Nimekwenda nimenyoa. Nimefanya mazoezi ya uso wa kushangaa kwa unyenyekevu.

Kasema kuna jambo hajawahi kuliona. Maabara, kabla ya kutafuta ugonjwa, inaandika alama za kila mbwa, kama polisi wanavyochukua alama za vidole. Alama za Kamanda na alama za Bosi, si kwamba zinafanana tu. Ni za mbwa mmoja. Mbwa huyo huyo amepelekwa mara mbili kwa majina mawili.

Feni linalia kwii, kwii.

Nimesema mapacha! Daktari kauliza mapacha gani, mmoja kazaliwa Arusha na mwingine Morogoro, tena kwa kupishana mwaka. Nimesema basi maabara wamechanganya bahasha. Romani kaapa kachukua mate nyumbani kwake, kwa mkono wake, asubuhi kabla mpishi hajawasha jiko. Na mie nikaapa. Kisha Romani akakunja paji la uso. Akaanza kusimulia polepole kwamba kuna mteja wake tangu Nane Nane anamsumbua, anamtafuta daktari wa meno ya mbwa aliyemwonea gego, mtu mnene kidogo, mwenye shati la kitenge cha kijani.

Wote wakaangalia shati langu.

Kwa nini nimelivaa? Kwa nini? Ni shati langu la bahati!

Hilo halikuwa baya kuliko yote. Daktari kavua miwani, kamwambia Romani kwa upole kwamba basi mbwa yule mmoja ni Bosi, na Bosi amerithi ubovu kwa baba na kwa mama. Si lazima augue, lakini huenda. Asizalishwe, na atazamwe akizeeka. Romani hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akaweka mkono juu ya kiuno cha Bosi akauacha pale. Mama Marietha akaenda kukaa naye. Nilisikia anamwambia habari ya kanga, namna ya kuipitisha isimkate tumbo.

Daktari kasema kesho saa moja nimlete Kamanda, hajala, na mate atachukua yeye. Nimepita pale ngazini, nimemwambia Romani pole. Kasema asante. Nimejisikia vibaya mpaka kituo cha basi.

Ijumaa, 29 Agosti

Daktari kasugua shavu la Kamanda mwenyewe. Bila miayo. Kisha akaona anachechemea, kamlaza, kapekua vidole vya mguu wa nyuma. Katoa kibanzi cha mpingo, cheusi, kirefu kama njiti ya kiberiti. Kilikuwa kimezama kati ya vidole.

Kamanda akainuka. Akatembea. Akaruka mezani.

Kibanzi! Nimekwenda Sinza, nimetibu gego, kwa sababu ya kibanzi! Nilipomwambia Jamali kahuzunika sana, kasema ndiyo maana alisema apelekwe kwa daktari. Watu wana tabia ya kukumbusha mambo.

Jumapili, 31 Agosti

Venance kaja na pikapu. Majibu mapya bado wiki kadhaa, na Auleria kasema Agosti ni Agosti. Nimejaribu la mwisho. Nimemwambia Venance kwa sauti ya chini kwamba Kamanda anachunguzwa ugonjwa mbaya, na yadini kuna watu, ni hatari. Venance kauliza ugonjwa gani. Nimesema wa kurithi. Kanijibu basi hana wasiwasi, yeye na Kamanda si ndugu.

Kamanda kapanda pikapu mwenyewe. Alidhani tunakwenda wote. Alipoona nimebaki, akasimama nyuma kule ananitazama mpaka kona ya duka la dawa. Nimeiosha sufuria yake nikaifunika. Auleria naye chakula cha jioni hakukimaliza, ila kasema ni chumvi.

Jumatano, 3 Septemba

Mchana nimetoka ofisini nikapita yadini. Kamanda yuko kwenye kivuli cha kontena, mnyororo mfupi kama nilivyosema. Ananuka dizeli. Kaweka kichwa kwenye goti langu, hajabweka wala hajalia. Nimempa chakula changu chote. Nimerudi kazini na njaa, na alasiri nimegonga mihuri vibaya, mara mbili nimeitwa.

Nilimwomba Mungu majibu yawe safi. Si kwa ajili ya mtoto wa Malkia. Awe safi tu.

Jumamosi, 20 Septemba

SAFI! Safi upande wa baba, safi upande wa mama! Kamanda wangu!

Yaani kama ningesugua shavu lake siku ile ya kwanza, yote yangekwisha. Wazo hilo limenijia mara moja, nimelifukuza.

Mama Marietha kanipigia mwenyewe. Kasema Kamanda hana ugonjwa wa kurithi, mwenye ugonjwa ni mwenye Kamanda. Anamkubali mbwa, hanikubali mimi. Malkia akiingia joto, Kamanda atapelekwa na Auleria. Mtoto wa kuchagua atachagua Auleria. Na hataki dume wa Malkia alale kwenye mnyororo.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia Venance, getini pikapu ikapiga honi. Kamrudisha mwenyewe! Usiku wa juzi betri za malori zimeibwa, na walinzi wanasema Kamanda aliwasindikiza wezi mpaka barabarani, anatikisa mkia. Auleria kamwahidi kaka yake mtoto wa Malkia, kwa sharti afunzwe vizuri. Venance kakubali, kala wali.

Kamanda kazunguka nyumba mara tatu akaenda kulala moja kwa moja kwenye maganda ya mpingo. Jamali kachukua ufagio, kamtazama, kaurudisha. Leo moyo wangu umekaa mahali pake.

Jumapili, 28 Septemba

Nilijua amani haitadumu. Auleria kaniweka kikopo cha plastiki mezani, chenye kifuniko, katoka nacho zahanati ya parokia. Mkojo wa asubuhi, kabla ya kula. Kasema kama mbwa amepimwa ugonjwa wa kurithi kwa haki, baba watu naye apimwe. Kaniamini nikijaze mwenyewe. Kasema mimi ni mtu mzima.

Sitaki. Nilimwona baba na ule mguu. Nikiambiwa nina sukari nitafanyaje? Usiku nimeamka mara nne kunywa maji kwa sababu ya mawazo haya.

Lakini nimetulia, nimefikiri. Kosa langu la mwezi uliopita ni moja tu: nilichukua mate ya mbwa ambaye naye alikuwa kwenye kipimo. Zahanati haina alama za vidole. Na safari hii sihitaji kwenda Sinza.

Jumatatu, 29 Septemba

Alfajiri nimemwita Jamali ukutani. Nimemwambia nahitaji mkojo kidogo wa kumwagia kwenye banda, harufu iwafukuze nguchiro wanaomaliza kuku wa Auleria. Kashangaa, lakini ni jirani mwema. Nimempa kile kikopo, karudi nacho kimejaa, mpaka kimemwagika pembeni, akaenda zake kuvaa shati safi. Leo ni siku yake ya kliniki.

Nimekiweka dirishani nikaoga. Nimerudi, nimekuta sisimizi wamekizunguka, mstari mzima kutoka ukutani, wanapanda mpaka kwenye kifuniko. Nimefurahi sana. Hata wadudu wanajua kitu cha mtu mwenye afya.

Nimewapuliza, nimekiandika GAUDENS kwa herufi kubwa, na Auleria amekipeleka.